Bei ya Kununulia

Kuta nne zinanisubiri Kisanga,
matofali ya kichuguu yaliyoshikwa kwa udongo mtupu,
vichwa vyake nimevifunika nyasi.
Nyasi, si paa.
Na mawingu ya Oktoba yameshaanza kujadiliana.

Kinachokosekana: mabati, mbao, misumari,
dola elfu nne ambazo sina.

Papa Kilufya anazo. Hapana, yeye hana,
ila anawajua wenye nazo wote, hadi majina ya wake zao.
Huja soko la Kenya saa tano, kiatu kinang'aa
kana kwamba vumbi letu jekundu linamwogopa,
hukalia ndoo yangu niliyoipindua, hufungua jalada.
"Mama Kapya, wewe utagonga benki moja,
wakikufungia utarudi unalia.
Mimi nitagonga nne kwa siku,
nikupangie riba zao kama nyanya, fungu kwa fungu, uchague.
Ila mkono mtupu haulambwi.
Mia tatu tu, ya mguu wangu."

Mdogo wangu Numbi, mwalimu wa hesabu Katuba, hataki kumsikia.
"Nenda dirishani mwenyewe. Neno likipita vinywa viwili
hurudi limenenepa.
Mia tatu ni mabati ishirini na tano!
Unampa mtu chumba kizima cha paa lako
kwa sababu ametembea?"

Nikaenda. Nilivaa kitenge cha harusi.
Kioo, na kwenye kioo tundu la ukubwa wa kopo,
na nyuma yake msichana mpole, kucha za zambarau,
akaniomba karatasi ya mshahara.
Nikamwambia: binti, mshahara wangu
hutambaa mitini kabla ya kukaushwa.
Akacheka, akaandika sifuri.
Akanitajia riba. Moja.
Nami sikuwa na namna ya kujua
kama wa mtaa wa pili anauza nafuu.

Usiku, nikipepeta vinkubala, kitu kikanichoma:
mimi ni nani, nimcheke Kilufya?
Wanawake wa Kasenga huviokota, miiba mikononi,
mimi hupanda lori, hununua kwa gunia, huuza kwa kopo,
na kati ya gunia na kopo ndimo walimosomea watoto wangu.
Wala bukari wa mjini hawaijui njia ya msitu.
Wananilipa njia.
Swali moja tu silipendi, hulijibu kwa kukohoa:
*Mama, wewe ulinunua bei gani?*

Asubuhi nikamuuliza yeye.
"Mia tatu ni yangu, sawa.
Na benki, hukupa ngapi ukiniingiza?"

Akakohoa.

Kikohozi hicho nakijua, ni mwanangu wa kumzaa.
Nikasubiri. Muuza chumvi wa jirani naye akasubiri.
"Hunipa," alisema mwishowe, akitazama kiatu.
"Baadhi yao. Wanaonipa zaidi
ndio ninaowataja kwanza."

Ajabu, hapo ndipo nilipoanza kumwamini, lakini kwa kipimo.
Nikamjazia makopo mawili, ya kushindilia,
nikamwambia: haya, nitajie asiyekupa kitu.
Akafunga jalada.
Akataja ushirika mmoja mdogo, ng'ambo ya reli,
wanaosoma daftari la soko badala ya karatasi ya mshahara.
"Huko nenda peke yako. Mimi huko sina mguu."

Daftari ninalo. Miaka tisa, limekunywa mafuta na chumvi,
mwaka wa nne umeliwa na panya.
Numbi anajumlisha tangu jioni,
analalamika kwamba saba zangu zinafanana na moja.
Hati ya kiwanja iko chini ya godoro.
Mara mbili nimeamka kuigusa,
maana kwa dalali au kwa dirisha,
ni yeye atakayelala ugenini mpaka nimalize deni.

Nje, tone.
Moja, zito, kwenye bati la jirani.
Numbi ananyanyua kalamu.
Tunasikiliza kama kuna la pili.